Kikapu cha mkimbizi si sadaka

Hapa Dodoma wengi huamini kwamba kikapu cha ushirika wa wanawake waliokimbia vita hununuliwa kwa huruma, na fedha humwendea mfadhili. Sivyo.

Kazi yenyewe ni ya ufundi: miyaa, yaani majani ya kusukia, huchanwa, huanikwa, hutiwa rangi, husukwa ukili, yaani utepe mrefu, ndipo ukili ushonwe. Pindua kikapu, tazama kitako. Mshono uliobana ni wa fundi, na fundi anastahili bei yake.

Ushirika nao ni mali ya wanachama. Wananunua hisa, na kila mmoja ana kura moja, hata mwenye hisa nyingi. Mfadhili aweza kutoa mtaji bila kuumiliki ushirika. Ukiwa na shaka, omba kuona cheti cha usajili, au muulize ofisa ushirika wa wilaya.