Vumbi la Sahara: Linapita Juu Yetu au Tunalivuta?

Swali: Vumbi la jangwani linapimwaje kwa leza?

Chombo chenyewe kinaitwa lida. Mara nyingi hukaa chini, kikirusha juu mapigo mafupi ya mwanga wa leza, unaotetema kwa mwelekeo mmoja. Mwanga ukigonga chembe, sehemu yake hurudi kama mwangwi, na muda wa kurudi hueleza chembe ziko kimo gani.

Swali: Vumbi linatofautishwaje na moshi?

Kwa umbo. Punje za vumbi zina pembepembe, hivyo huvuruga mwelekeo wa mtetemo wa mwanga unaorudi. Moshi huuvuruga kidogo tu, na matone ya maji, kwa kuwa ni ya mviringo, karibu hayaugusi. Mwanzoni mwa 2008, watafiti wa SAMUM, mradi wa kuchunguza vumbi la Sahara, waliokuwa Praia, Cabo Verde, visiwa vilivyo magharibi mwa Afrika, waliona hivyo matabaka mawili: vumbi la Sahara chini, na juu yake hewa yenye moshi wa mioto ya nyika za Afrika Magharibi.

Swali: Kimo kinayahusu nini mapafu yangu?

Kinayahusu sana. Kati ya Juni na Agosti vumbi jingi huvuka Atlantiki likiwa juu, hata kilomita 5. Anga hupauka, lakini hewa ya mtaani huweza kuwa nafuu. Kuanzia Desemba hadi Machi husafiri chini, na watu wa Cabo Verde, wanaoliita bruma seca, hulivuta. Anayepima jumla ya vumbi la angani bila kimo chake hawezi kumwambia mgonjwa wa pumu kama leo ni siku ya hatari.

Swali: Likivutwa linafanya nini?

Chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Zilizo chini ya mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hufika ndani kabisa ya mapafu, zikachochea pumu na kuwaelemea wenye ugonjwa wa moyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chembe zisizozidi mikromita 10 zisipite mikrogramu 45 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Dhoruba ya vumbi hukiruka kiwango hicho mara nyingi.

Swali: Basi lida yatosha?

Haitoshi. Lida nyingi haziioni vizuri hewa ya mita mia kadhaa za mwanzo, na humo ndimo tunamopumua. Lazima iwe pamoja na vipimo vya hewa vya ardhini.

Swali: Nifanye nini siku ya vumbi?

Funga madirisha, piga deki kwa maji badala ya kufagia, na dawa yako ya kuvuta iwe karibu. Ukitoka, vaa barakoa ya N95 au FFP2. Kitambaa huzuia kidogo mno. Kifua kikibana na dawa isisaidie, nenda hospitali mara moja.