Bomba tupu halibaki tupu: mgao wa maji na somo la Karnataka

Nikisema nafanya kazi ya mitandao ya maji, swali linalofuata nalijua: "Sasa maji yatatosha lini?" Mtu wa mabomba anaulizwa habari za mvua. Huwa najibu ninavyoweza, lakini kinachoninyima usingizi ni kingine: bomba linafanya nini zile saa ambazo halina maji?

Maabara haihitajiki kuliona hilo. Kwetu zamu ya mgao huangukia alfajiri. Koki inaanza kukoroma, inatema upepo, na dira ya maji nayo inazunguka (naam, upepo nao unaulipia). Kisha yanakuja maji ya rangi ya chai ya rangi, halafu yanatakata taratibu. Mama mkwe wangu humwaga ndoo mbili za kwanza chooni, na hajawahi kumwomba mhandisi ruhusa.

Vali ikifungwa, maji yaliyobaki kwenye laini hushuka kuelekea koki za mabondeni na kutokea kwenye nyufa. Presha inaanguka, na mahali pengine inashuka hata chini ya ile ya hewa ya nje, yaani bomba linaanza kunyonya. Ufa uliokuwa unavujisha maji nje jana, leo unavuta ndani chochote kilichouzunguka: maji ya mtaro, jasho la shimo la choo la jirani, tope la barabarani. Wenye pampu za kuvuta moja kwa moja kutoka kwenye laini wanaongeza huo mvuto. Klorini, dawa ya kuua vijidudu, iliyotiwa kwenye mtambo ilipigiwa hesabu ya maji masafi, na hapo inaishiwa nguvu mapema.

Mahali palipopimwa jambo hili kwa makini kuliko kwingi ninakokujua ni Hubli-Dharwad, jimbo la Karnataka, kusini magharibi mwa India. Ni miji miwili iliyo chini ya manispaa moja, na sensa ya 2011 iliihesabia watu wapatao 943,000. Maji yake yanatoka bwawa la Malaprabha na ziwa la Neerasagar. Kwa miaka mingi maji yalifunguliwa mara moja tu kila baada ya siku kadhaa, kwa saa chache. Aliyeamua mtaa gani upate alikuwa fundi wa vali, akizunguka na ufunguo mrefu wa chuma, akiinamia vali moja hadi nyingine. Asipofika, hakuna maji. Akina mama walikuwa wakiahirisha kazi na safari wakimsubiri yeye. Ilianzishwa hata kampuni, NextDrop, ambayo mafundi hao waliipigia simu wakishafungua vali, nayo ikawatumia wakazi ujumbe mfupi kwamba maji yako njiani. Wazo zuri, ila ujumbe hauondoi kilichokwisha ingia bombani.

Mwaka 2005 jimbo lilianza mradi kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 39.5. Sehemu ya mradi huo ilikuwa kuchagua maeneo machache ndani ya Hubli-Dharwad, Belagavi na Kalaburagi (enzi hizo Belgaum na Gulbarga), takribani sehemu moja ya kumi ya wakazi, na kuyapa maji saa 24 kwa siku. Kufikia 2008 yalikuwa yanatoka usiku na mchana.

Hapa ndipo vikao vyetu huwa vinakwama, kwa hiyo niruhusuni nikawie kidogo. Ukichukua mtandao chakavu ukaufungulia saa 24, unamwagilia ardhi. Tundu linalovuja saa tatu kwa wiki litavuja saa 168. Ndiyo maana mhandisi akisikia "saa 24" anacheka na kuagiza pampu nyingine. Karnataka hawakufungulia mtandao wa zamani. Katika maeneo yale walilaza mabomba mapya yote, pamoja na kile kipande kidogo kinachotoka barabarani kuingia nyumbani, ambacho kwa uzoefu wangu ndicho kinachovuja kuliko vyote kwa sababu kila mmoja anadhani ni cha mwenzake. Kila nyumba ikafungiwa dira. Kila eneo likatengwa na mengine ili maji yanayoingia yapimwe mlangoni. Ukijua yaliyoingia na yaliyopita kwenye dira za wateja, tofauti yake ndiyo upotevu, na unaweza kwenda kuutafuta usiku wa manane watu wakiwa wamelala.

Kuna jingine ambalo watu hawalitegemei. Aliye kwenye mgao hujaza kila chombo alichonacho, koki anaiacha wazi ili asipitwe, na maji yakirudi anamwaga yaliyolala ili ajaze mapya. Aliye na uhakika wa maji ya kesho hana sababu ya kufanya hivyo.

Sasa vipimo. Emily Kumpel na Kara Nelson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichukua sampuli kwenye koki za Hubli-Dharwad, za maeneo ya saa 24 na za maeneo ya mgao, na matokeo yakachapishwa 2013. Bakteria wa E. koli, wanaoashiria kinyesi, walipatikana katika asilimia 0.7 ya sampuli za maeneo ya saa 24. Kwenye maeneo ya mgao ilikuwa asilimia 31.7. Mji ni mmoja. Hali ilikuwa mbaya zaidi majira ya mvua, na uchunguzi wao uliofuata ulionyesha kwamba maji machafu kupita yote ni yale ya mwanzo kabisa wa zamu na yale yanayotoka presha ikiwa ndogo. Zile ndoo mbili za mama mkwe.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mwingine uliofuatilia kaya karibu 4,000 za mji huohuo, ukilinganisha za saa 24 na za mgao. Kuhara kwa kawaida kwa watoto wa chini ya miaka mitano hakukupungua. Kilichokuwa pungufu ni kuhara damu, kwa asilimia 37, na kaya zilizoripoti homa ya matumbo zilikuwa chache kwa asilimia 42. Mimi nasoma hivi: bomba ni mlango mmoja wa vijidudu, na nyumba ina milango mingi. Mikono, nzi, ndoo isiyo na mfuniko, choo.

Choo chenyewe kina pande mbili, na siku ya uzinduzi tunapiga picha ya upande mmoja. Shimo likijaa, tope linakwenda wapi? Pembezoni mwa Bengaluru, mji mkuu wa jimbo hilo, magari ya kunyonya majitaka yalizoea kulimwaga bichi mashambani, wakulima wakilitaka kama mbolea. Mwaka 2015 mji mdogo wa Devanahalli, jirani na uwanja wa ndege wa Bengaluru, ukapata mtambo wa tope la vyooni unaotajwa kuwa wa kwanza India kuhudumia mji mzima. Hakuna mitambo ya kutisha. Gari linamwaga juu, tope linashuka lenyewe kwa mteremko, linatulia kwenye matangi, kisha linatandazwa kwenye vitanda vya kukaushia. Likikauka linachanganywa na taka za mboga na kuozeshwa pamoja hadi liwe mboji anayoweza kuishika mkulima bila kuumwa.

Upande wa maji, kutoka sehemu ya kumi kwenda mji mzima kumeenda kinyonga. Mkopo mwingine wa Benki ya Dunia, dola milioni 100, ulipitishwa 2016, miaka minane baada ya majaribio kufaulu. Siwashangai. Kufukua kila barabara ya mji wa watu karibu milioni ni ghali na ni ugomvi. Sisi Watanzania tuna sababu ya kufuatilia: mradi wetu wa maji wa miji 28 unajengwa kwa mkopo wa India wa dola milioni 500. Nitakachoangalia kwanza huko ni kipenyo na umri wa mabomba ya vichochoroni. Tangi jipya kilimani kila mtu ataliona.

Kwa aliye kwenye mgao leo: maji ya mwanzo yatumie chooni au kufagilia uani, kinga ya kunywa yakishatakata na presha ikishapanda, na hata hayo yachemshe au yatie dawa, kwa kuwa kutakata si usafi. Pampu ivute kutoka kwenye tangi lako la chini, kamwe si kwenye laini ya mtaa. Na kama bomba lako limepita mtaroni, lihamishe kabla ya masika.