Saoirse: maana ya jina, asili yake na namna ya kulitamka

Saoirse ni jina la kike la Kiayalandi, na maana yake ni uhuru. Hakuna fumbo. Ukifungua kamusi ya Kiayalandi utalikuta neno hilohilo kwa herufi ndogo, likitumika kwa uhuru wa nchi, wa mfungwa aliyeachiwa, au wa mtu kusema alitakalo. Jina hili ni neno la kawaida lililopandishwa cheo likawa jina la mtu, sawasawa na Uhuru, Amani au Neema kwetu.

Kiini chake ni "saor", yaani huru. Ukiongeza "-se" mwishoni unapata nomino: saor, saoirse. Sisi tunabandika u- mbele, huru ikawa uhuru. Wao wanabandika nyuma. Kinyume chake kimejengwa vivyo hivyo: "daor" ni asiye huru, "daoirse" ni utumwa. Jozi hii ni kongwe. Katika sheria za Ayalandi ya zamani, ambako maneno hayo yaliandikwa sóer na dóer, ndiyo yaliyotenganisha watu: sóer ni mwenye haki zake na ukoo unaotambulika, dóer ni aliye chini ya mkono wa mwingine. Anayelijua neno "mwungwana" la pwani hatapata shida hapa, maana mwungwana naye alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa, ndipo neno likaja kubeba adabu na heshima.

Maneno ya Ayalandi, saor na daor, yalishika njia ya sokoni. Leo "tá sé saor" ni "ni bei rahisi", na "tá sé daor" ni "ni ghali". Kitu cha bure kabisa ni "saor in aisce". Kuna pia "saor" nyingine yenye maana ya fundi, hasa mwashi au seremala, na ndiyo iliyomo katika jina la ukoo Mac an tSaoir, mwana wa fundi. Kwa hiyo ukiona mahali pameandikwa kwamba Saoirse ni "fundi" au "rahisi", mwandishi ameshika shina akaliacha jina. Mzazi anayemwita binti yake Saoirse anakusudia uhuru tu.

Tovuti nyingi za majina ya watoto huliita Saoirse jina la kale la Kikelti. Si kweli. Neno ni la kale, jina ni la juzi. Hakuna mtakatifu aliyeitwa hivyo, na katika visasili vya Kiayalandi hakuna malkia wala shujaa wa jina hilo, tofauti na Niamh au Gráinne ambao wana hadithi zao tangu enzi za maandishi ya mkono. Saoirse ni jina la karne ya 20, na lilizaliwa na siasa. Maasi ya Pasaka, dhidi ya utawala wa Uingereza, yalianza Dublin tarehe 24 Aprili 1916. Vita vya kudai uhuru vikapiganwa kati ya 1919 na 1921. Mkataba na Uingereza ukatiwa saini tarehe 6 Desemba 1921. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyohiyo ya 6 Desemba, ikazaliwa Saorstát Éireann, yaani Dola Huru ya Ayalandi, iliyodumu kwa jina hilo mpaka katiba ya 1937. Tazama mwanzo wa jina la nchi: saor ileile. Neno lililokuwa kwenye mabango na katika hotuba likaanza kupewa watoto wa kike.

Sisi tunalo pacha wake. Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, na Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mtoto alipewa jina la kitu ambacho kilikuwa bado njiani. (Tanganyika ilikuwa 9 Desemba 1961, Desemba ina bahati na nchi hizi.)

Hata hivyo kwa miongo kadhaa walioitwa Saoirse walikuwa wachache, na sababu mojawapo ni Kanisa. Wengi wa Waayalandi walikuwa Wakatoliki, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia la kwao, yeye aliongeza jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Kanuni hiyo haikuwa ya Ayalandi peke yake. Ndiyo iliyotumika Tabora na Nyeri, na ni mojawapo ya sababu babu na bibi zetu wakawa akina Yohana na Maria huku majina ya nyumbani yakibaki nyumbani. Sheria mpya ya mwaka 1983, kanuni ya 855, imelegeza: inakataza tu jina linalokwenda kinyume na fikra za Kikristo. Uhuru hauna ugomvi na hilo.

Sasa matamshi, kwa maana hapa ndipo watu wengi hukwama. Msomaji wa Kiswahili akiliona huanza kulisoma kama tulivyofundishwa, kila herufi na sauti yake: sa-o-i-r-se. Kiayalandi hakiendi hivyo. Vokali zake nyingi hazipo ili zitamkwe. Zipo kukuonyesha konsonanti ya jirani itamkwe vipi. Wenyewe hugawa vokali makundi mawili: a, o, u ni pana, e na i ni nyembamba. S ikikaa na vokali pana ni s ya kawaida. Ikikaa na nyembamba inakuwa sh. Ndiyo maana Seán husikika "Shoon": s imefuatwa na e. Katika Saoirse s ya kwanza imefuatwa na a, basi ni s. Ya pili imefuatwa na e, basi ni sh.

Ile i ya katikati je? Shule za Ayalandi hukaririsha kanuni moja ya tahajia: "caol le caol agus leathan le leathan", nyembamba kwa nyembamba, pana kwa pana. Konsonanti zikiwa na e upande wa kulia, lazima upande wa kushoto pia pawe na vokali nyembamba. Kulia kwa "rs" kuna e, basi kushoto pamewekwa i. Kazi yake ni hiyo tu, kama nguzo ya pili ya goli. Vokali inayosikika ni "ao", ambayo magharibi na kaskazini mwa nchi hutamkwa i ndefu, kama ya "hii", na kusini, Munster, hutamkwa e ndefu. E ya mwisho ni sauti hafifu. A yetu fupi ndiyo iliyo karibu zaidi.

Ukiunganisha unapata Siirsha, au Seersha (kwa e ya Kiswahili) ukiwa kusini. Jina lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya kwanza. Kosa letu ni kuchomeka vokali kati ya r na sh, likawa "Sirisha". Hapo silabi zimekuwa tatu, na mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho unahamia kwenye "ri": si-RI-sha. Mwenye jina hatageuka. Dawa ni kukumbuka neno "arshi": r na sh zimeshikana bila kitu katikati, na ulimi unaliweza. Siirsha ni hivyohivyo.

Hata Waayalandi hawakubaliani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,873,997 waliosema wanaweza kuzungumza Kiayalandi, lakini wanaokitumia kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Walio wengi hulitamka jina kwa ulimi wa Kiingereza, na hapo ndipo "Sersha" yenye vokali fupi iliyofifia inapotokea. Ndiyo anayoitumia mwigizaji Saoirse Ronan, na hakuna sababu ya kumsahihisha. Jina ni lake.

Ukimsikia mtu akiita "a Hiirsha!", usidhani ni mtu mwingine. Kiayalandi hubadilisha mwanzo wa neno kulingana na kazi yake katika sentensi. Jina likiwa la kuita, linatanguliwa na "a", s inaongezewa h, na "sh" hiyo hutamkwa h: a Shaoirse. Sisi tuliozoea mtoto kuwa watoto na kitu kuwa vitu hatuna haki ya kushangaa. Jina Hamish linalojulikana Uskoti lilitokana na jambo hilihili: ni Seumas jinsi anavyosikika akiitwa.

Kwa umaarufu, Ofisi Kuu ya Takwimu ya Ayalandi hutoa takwimu za majina tangu 1964, ikiorodhesha yaliyopewa watoto watatu au zaidi kwa mwaka. Miaka ya karibuni Saoirse limo ndani ya 100 bora ya wasichana. Limebebwa na wimbi la majina ya Kiayalandi kurudi. Mwaka 2021 la kwanza kwa wasichana lilikuwa Fiadh. Marekani liliingia katika majina 1,000 ya juu mwaka 2016. Huko mchango wa Ronan hauna ubishi: alizaliwa New York mwaka 1994 kwa wazazi Waayalandi, akakulia Ayalandi, na aliteuliwa kwa tuzo ya Oscar akiwa na miaka 13. Watangazaji wamekuwa wakihangaika na jina lake tangu hapo, na kila wanapohangaika wazazi wengine wanalisikia.

Kwa upande wa Ayalandi ya Kaskazini jina lina uzito zaidi. Neno SAOIRSE limechorwa kwenye kuta za Belfast magharibi kama kauli ya kisiasa, na mtu akilisikia huko anaweza kukisia familia imetoka upande gani: wa wanaotaka kuungana na Ayalandi au wa wanaotaka kubaki chini ya Uingereza. Dublin au Boston hakuna anayekisia chochote.

Katika kuandika, makosa ya kawaida ni Saorise, Saiorse na Soairse. Wengine huongeza alama juu ya vokali wakidhani kila jina la Kiayalandi linayo kama Seán, Saoirse halina. Ukilazimika kulijaza kwenye fomu au tiketi, lisome kimoyomoyo Kiswahili chetu, sa-o-i-r-se, na kila herufi itakaa mahali pake. Ukiinua kichwa kumwita mwenyewe, sema Siirsha.