Mikate miwili yenye chachu

Ninafundisha Agano la Kale, na kila Pentekoste inapokaribia huwaambia wanafunzi wangu wafungue Walawi 23 kabla ya Matendo 2. Wengi hushangaa kukuta kwamba kabla haijawa siku ya Kanisa, Pentekoste ilikuwa sikukuu ya wakulima. Wayahudi huiita Shavuoti, yaani Majuma. Mganda wa kwanza wa mavuno ukishatikiswa mbele za Bwana, walihesabu majuma saba, na siku ya 50 wakaleta malimbuko ya ngano.

Ninachokipenda zaidi ni sadaka yenyewe: mikate miwili iliyotiwa chachu. Chachu! Wakati wa Pasaka ya Wayahudi huondolewa kabisa nyumbani, na Walawi 2 inakataza kuiteketeza madhabahuni. Ndiyo maana mikate hii haikuchomwa. Ilitikiswa tu, kisha ikawa ya kuhani. Mwaka mmoja tulikanda unga wa ngano darasani asubuhi, tukaufunika kwa kitambaa. Kufika saa sita ulikuwa umeumuka mpaka umekiinua kitambaa, na ile harufu ya uchachu imejaa chumba kizima. Mkate wa aina hiyo, wa kila siku, ndio Mungu aliosema uletwe kwake.

Wahubiri wengi husema mikate miwili ni Wayahudi na Mataifa. Andiko halisemi hivyo, nami silazimishi. Kinachonigusa ni kwamba siku hiyohiyo Roho aliwashukia watu ambao majuma machache tu nyuma walimwacha Bwana wao wakakimbia, na aliyesimama kuhubiri ni Petro, yuleyule aliyemkana mara tatu. Walipokelewa pamoja na chachu yao.

Kisha kuna mstari tunaouruka. Mara tu baada ya maagizo ya sikukuu hii, Walawi 23:22 inamwamuru mvunaji asimalize pembe za shamba, wala asiokote masazo. Ni ya maskini na mgeni. Wayahudi wengi husoma kitabu cha Ruthu katika Shavuoti: mwanamke Mmoabi, mgeni, aliyeokota masazo shambani kwa Boazi, na Mathayo 1 inamtaja katika ukoo wa Yesu. Nayo Matendo 2 haiishii kwenye ndimi za moto. Inafika mpaka watu wanauza mali zao na kumgawia kila mmoja kadiri ya haja yake.

Mkate wetu wa darasani ulipoiva, kipande cha kwanza tulimpelekea mlinzi wa getini.