Ujumbe umefutwa, sababu iko wapi?

Ujumbe ukifutwa bila maelezo kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, aliyeuandika hubaki na maswali matatu: nani kaufuta, kwa kosa gani, na mbona wa fulani umeachwa? Mara nyingi msimamizi, au admini kama wengi tunavyomwita, majibu anayo. Tatizo hajayaandika popote, na minong'ono ya upendeleo huanzia hapo.

Tuanze na kanuni. "Tuheshimiane" haimwongozi mtu, kwa sababu kila mmoja ana kipimo chake cha heshima. Andika kitendo kinachoonekana: usimtukane memba, usiweke namba ya simu ya mtu bila ruhusa yake, tangazo la biashara mara moja tu kwa wiki. Kanuni tano hadi saba zinatosha, kila moja na namba yake. Zikifika ishirini hazisomwi, na msimamizi atakuwa anachomoa ile inayomfaa siku hiyo.

Namba hiyo ndiyo inayorahisisha taarifa kwa mhusika. Mfano: "Ujumbe wako wa saa 3 usiku tumeuondoa. Kanuni ya 2, matusi: maneno 'huna akili'. Hoja yako kuhusu betri haina tatizo, iandike tena bila maneno hayo. Ukiona tumekosea, mwandikie msimamizi wa pili ndani ya siku 7." Haichukui dakika mbili kuandika. Inataja kosa, inaitenga hoja na tusi, na inaonyesha mlango wa rufaa. Kanuni za Santa Clara za mwaka 2018, zilizotungwa kwa ajili ya kampuni kubwa za mitandao, zilidai mambo hayohayo, kumwarifu mhusika na kumpa nafasi ya kukata rufaa, pamoja na kutoa takwimu za yaliyoondolewa. Kundi la watu 200 halina udhuru.

Adhabu zipande kwa ngazi: kufuta, kuonya, kumnyamazisha saa 24, kisha siku 7, halafu kumtoa. Matapeli na wanaotishia maisha ya watu hawapitii ngazi, hao hutolewa mara moja. Ngazi huvurugika msimamizi anapohesabu makosa kwa kichwa. Anayemchukia anamkumbuka vizuri, rafiki yake anamsahau. Wekeni jedwali la pamoja lenye tarehe, jina, namba ya kanuni, hatua iliyochukuliwa na aliyeichukua. Msitegemee programu iwatunzie. Telegram huonyesha vitendo vya wasimamizi vya saa 48 zilizopita tu. WhatsApp huacha alama ya jina la msimamizi aliyefuta ujumbe wa mwingine, lakini sababu haiandiki.

Panapoharibika zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye ubishi wa watu wawili. Mchokozi mzoefu hatukani. Anauliza swali lilelile mara ya sita, anakebehi kwa lugha safi, anaweka kijistika cha kucheka chini ya kila jibu. Mwenzake akilipuka kwa neno moja chafu, ndiye anayeadhibiwa, maana neno linaonekana na uchokozi umetawanyika. Kabla ya kugusa kitufe, rudi nyuma jumbe 30 hivi usome mfululizo mzima. Tusi bado ni tusi na litafutwa, lakini onyo liende kwa wote wawili. Usikubali pia kutishwa na wingi wa malalamiko. Watu 20 wanaoripoti ujumbe mmoja wanaweza kuwa kambi moja iliyopeana ishara pembeni.

Je, kama mmoja wa wabishani ni msimamizi mwenyewe? Hapo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Wikipedia ina kanuni kwamba mkabidhi, yaani msimamizi wa huko, aliyehusika kwenye mzozo asitumie mamlaka yake kuumaliza, na kundi lolote linaweza kuiiga. Ndiyo maana napendekeza wasimamizi watatu kwa uchache: mmoja akiwa mhusika, wa pili anaamua, wa tatu anabaki kusikiliza rufaa. Shauri likimhusu rafiki wa wote watatu, nakilini maneno yake bila jina, myaweke kwenye gumzo la wasimamizi, kila mmoja ataje adhabu kabla jina halijafichuliwa. Mtashangaa adhabu zinavyobadilika.

Kundi zima likipandisha joto, si lazima kumchagua wa kuadhibu. Telegram ina mpangilio wa kumtaka kila memba asubiri kwa muda fulani, hadi saa 1, kabla ya kuandika tena. Kwenye WhatsApp unaweza kuruhusu wasimamizi pekee waandike kwa muda. Ukifunga hivyo, tangaza saa ya kufungua na uifuate, na katika muda huo msimamizi asiendeleze ubishi wakati wengine wamefungwa midomo.

Rufaa ikishinda, marekebisho yafanyike palepale adhabu ilipoonekana. Kumwomba radhi faraghani mtu aliyetolewa mbele ya kundi zima hakumwondolei doa. Ujumbe uliofutwa kwa kila mtu haurudishwi, kwa hiyo mwombe mwenyewe autume upya, kisha msimamizi aliyeufuta ajibu chini yake kwa sentensi moja: tuliufuta kimakosa, kanuni ya 2 haikuvunjwa. Jedwali nalo lisahihishwe siku hiyohiyo, la sivyo kosa lililofutwa litahesabiwa tena kwenye ngazi inayofuata.