Aspirini si gome la mti lililosagwa

Wengi huamini kwamba aspirini ni gome la mti lililowekwa kwenye kidonge, hivyo kuchemsha gome ni kupata dawa ileile. Sivyo.

Mti wenyewe ni Salix (kwa Kiingereza willow), unaoota kando ya mito ya Ulaya. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza Edward Stone aliandika kwamba unga wa gome lake hutuliza homa. Ndani yake mna salisini, ambayo mwilini hugeuka asidi ya salisiliki. Asidi hiyo ikimezwa yenyewe huchoma tumbo vibaya. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya dawa ya Bayer, Ujerumani, aliiunganisha na asetili, yaani kikundi kidogo cha atomi, na hiyo asetili ndiyo kiini cha jambo: hukizima kabisa kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, zile kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe, na huzuia chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu, zisishikamane.

Gome halina asetili hiyo. Kwa hiyo, tafadhali, mgonjwa wa moyo aliyeandikiwa aspirini asiiache kwa ajili ya chai ya gome. Na mwenye mzio wa aspirini aliogope gome pia, kwani salisini ni jamaa yake wa karibu.