Je, wajua kwa nini namba ya miwani haisemi kama konea inachongoka?

Mdogo wangu alibadilishiwa miwani mara tatu ndani ya miaka miwili, na kila aliporudi nyumbani Mbagala nilimwuliza swali lilelile: namba imepanda? Ikipanda nilihuzunika, ikibaki palepale nilimshukuru Mungu. Tulikuwa tumeshaambiwa ana keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, ikonde na kuchongoka kama koni badala ya kubaki mviringo. Nami niliamini namba ya miwani ndiyo rula ya kupimia kuchongoka huko. Sivyo. Tangu hapo nimekutana na wazazi wengi wenye imani hiyohiyo, na wengine wametulia wakati hawakupaswa kutulia.

Namba ya miwani hutokana na mazungumzo. Mpimaji anaweka lenzi, anauliza, "Hii au hii?" Mgonjwa anajibu. Konea iliyochongoka hutawanya mwanga ovyo, herufi moja ikaonekana ina kivuli au mkia, na lenzi tatu tofauti zaweza kumwonyesha mtu ubovu uleule. Hapo huchagua yoyote. Wiki ijayo atachagua nyingine, na namba itakuwa imebadilika ilhali jicho halijabadilika.

Kinyume chake pia hutokea. Lenzi ya miwani husahihisha mkunjo unaolingana pande zote mbili za mstari, lakini koni mara nyingi huota chini kidogo ya katikati ya konea. Mlima wa upande mmoja hauna lenzi ya miwani inayoufuata, hivyo unaweza kuendelea kukua na namba isiwe na njia ya kuueleza. Isitoshe, jicho la kijana linaweza kurefuka kwa ndani, namba ikapanda kwa sababu isiyohusu konea kabisa. Kwa ufupi, namba hujumlisha mambo mengi ya jicho, na kutoka kwenye jumla hiyo huwezi kulitenga umbo.

Umbo lenyewe linapimwaje, basi? Ugonjwa huu ulielezwa kwa kina na Mwingereza John Nottingham mwaka 1854. Katika miaka ya 1880, daktari Mreno Antonio Plácido alitumia kisahani chenye pete nyeusi na nyeupe na tundu katikati: alikishika mbele ya jicho la mgonjwa na kuchungulia tunduni. Mashine nyingi za leo bado zinazo pete zake, ila sasa zinawaka taa na kompyuta ndiyo inayochungulia.

Ukitaka kuelewa pete hizo, nenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ukamtazame fundi wa bodi za magari. Akishapaka rangi mlango wa gari haupapasi tu. Anainama, anatazama mlango kwa pembeni, akitafuta taswira ya taa ya tyubu juu ya rangi. Mstari wa taa ukinyooka, bati limenyooka. Ukijikunja mahali, pale pana bonde, hata kama kidole hakilihisi. Mashine ya konea hufanya kazi hiyohiyo, ila badala ya mstari mmoja inarusha pete nyingi, na badala ya rangi kuna machozi. Ndiyo, machozi. Kinachong'aa mbele ya jicho ni utando mwembamba wa machozi uliolala juu ya konea, na picha ya pete inatoka hapo.

Sasa chukua kijiko cha chai, jitazame mgongoni mwake. Uso wako ni mdogo sana. Chukua upawa wa kung'aa, uso unakua. Kadiri mgongo unavyochongoka, ndivyo taswira inavyobanwa. Basi penye koni pete hukaribiana, penye ubapa huachana, na kompyuta hupima nafasi kati ya pete katika maelfu ya vituo, kisha inachora ramani: rangi nyekundu penye mchongoko, bluu penye ubapa. Hesabu yake ni fupi: gawanya 337.5 kwa nusukipenyo cha mkunjo katika milimita. Jibu huja kwa dayopta, kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga: mkunjo wa milimita 7.5 hutoa dayopta 45. Ili zifike 46, nusukipenyo kinapungua kwa takriban milimita 0.16 tu. Nilipoifanya hesabu hii mwenyewe ndipo nilipoelewa kwa nini mdogo wangu aliambiwa apepese macho kabla ya kila picha. Machozi yakikauka kidogo, kwa feni au kiyoyozi, pete hupinda, na mashine huandika mlima usiokuwepo.

Pete zina upungufu mmoja mkubwa: huona mbele tu. Konea ina unene wa takriban mikromita 540 katikati, nusu milimita na kidogo, na tabaka lake la juu kabisa lina tabia ya ajabu. Hukonda juu ya kilima na kunenepa pembeni yake, kama fundi wa lipu anavyojaza mabonde ili ukuta uliopinda uonekane umenyooka. Kwa hiyo mwanzoni mwa ugonjwa sura ya mbele inaweza kuwa nzuri huku ya nyuma imeshaanza kubonyea nje.

Ukuta wa nyuma huonwa kwa mwanga mwembamba. Umewahi kuona miale ya jua ikipenya tundu la msumari kwenye paa la mabati, vumbi likielea ndani yake? Mwanga huo umekata hewa ya chumba na kukuonyesha kilichomo. Mashine ya aina ya pili hupitisha ukanda mwembamba wa mwanga katika konea, kamera iliyoinamishwa kwa kanuni inayoitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug wa Austria inapiga picha ya mkato huo, kisha inazunguka na kurudia. Hapo unapata mbele, nyuma na unene kati yake.

Hata hivyo, picha moja haiwezi kusema ugonjwa unakwenda au umesimama. Zinahitajika mbili, na tofauti yake lazima ipite kutikisika kwa mashine yenyewe, kama mshale wa mizani sokoni unaochezacheza kabla hujaweka kitu. Madaktari wengi hushtuka sehemu iliyochongoka zaidi ikiongezeka dayopta 1 ndani ya mwaka. Lakini hiyo ni nukta moja tu kwenye konea nzima, na kwa jicho ambalo tayari limechongoka sana vipimo viwili vya siku moja vinaweza kutofautiana kwa zaidi ya hapo. Mwaka 2015 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana zitazamwe dalili tatu, yaani mchongoko wa mbele, mchongoko wa nyuma na kukonda, na angalau mbili zibadilike kwa uthabiti. Kiasi cha kubadilika hawakukiwekea namba moja ya kudumu.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya matibabu. Matone ya vitamini B2 pamoja na mwanga wa urujuanimno hukaza nyuzi za konea, lengo kuu likiwa kusimamisha mchongoko, si kuurudisha nyuma. Ukisubiri mno unapoteza umbo, na ukiharakisha unatibu jicho lililokwisha kusimama lenyewe. Kufikicha macho kunahusishwa sana na ugonjwa huu, ingawa kama ndiko kunakouanzisha bado kunabishaniwa. Mdogo wangu ana mzio wa vumbi, kwa hiyo sisi tumeuchukulia uhusiano huo kwa uzito: matone ya mzio yako mezani na mikono iko mbali na macho.

Kwa anayefuatilia jicho lake: omba nakala ya ramani yenye tarehe na jina la mashine, na ukipimwa tena iwe mashine ileile, kwani namba za mashine mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Anayevaa lenzi za jichoni azivue siku kadhaa kabla, na lenzi ngumu zaidi ya hapo, kwa kuwa huikandamiza konea na kuipa umbo la kuazima. Daktari atataja siku.

Ramani mbili za mdogo wangu ziko kwenye bahasha ya kaki kabatini, zimepishana miezi sita. Mchongoko wa mbele haukuzidi mtikisiko wa mashine. Wa nyuma umeongezeka kidogo, unene umebaki. Dalili moja, si mbili. Tunarudi baada ya miezi minne, na nimeacha kuuliza habari za namba ya miwani.